Kichaka kinanyauka bustanini: chimba kwanza, maji baadaye

Katikati ya Januari, mvua ya vuli ikiwa imeondoka na ya masika ikiwa bado miezi miwili mbele, vichaka vya mapambo jijini Nairobi huanza kuonyesha shida. Hibiski inaangusha matumba kabla hayajachanua. Haidrenja inalala chini saa saba mchana. Ua wa saipresi unatokeza mabaka ya kahawia upande wa barabara. Na karibu kila mwenye bustani hufanya jambo moja: anafungua mfereji, ikiwa siku hiyo mfereji una maji.

Mara nyingi maji ndiyo yanayokosekana, lakini si kila mara. Mmea ambao mizizi yake imeoza hunyauka vivyo hivyo, na ule uliochomwa na chumvi ya mbolea, na ule ambao mchwa wameula chini ya ardhi. Ukiumwagia maji mmea unaooza, utakufa haraka kuliko kama ungeuacha. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na jembe.

Kichaka hujinyima kwa mpangilio

Kichaka hakifi kwa kiu siku moja. Mizizi ikianza kukosa maji hutuma kemikali iitwayo asidi ya absisiki mpaka kwenye majani, na matundu madogo ya jani, stomata, yanajifunga. Maji yanayopotea hewani yanapungua. Gharama yake ni kwamba jani haliwezi tena kujitengenezea chakula ipasavyo wala kujipoza, kwa hiyo linapata joto.

Ukame ukiendelea, mmea unaanza kuacha sehemu zake. Maua na matumba huachwa kwanza. Kisha majani ya zamani, yale ya chini na ya ndani. Kisha ncha za matawi, halafu matawi mazima. Shina la chini na mizizi minene ndivyo vinavyolindwa hadi mwisho. Ukisimama mbele ya kichaka chako, jiulize kimefika hatua gani. Kilichopoteza matumba tu kinahitaji maji na subira. Kilichopoteza ncha za matawi hakitazirudisha hata ukikimwagia bauza nzima, kwa sababu mirija ya maji ndani ya ncha hizo imeingia viputo vya hewa na mkondo umekatika. Kitachipua chini ya hapo, au hakitachipua kabisa.

Chimba sentimita 20

Nenda chini ya ukingo wa matawi, si karibu na shina, maana mizizi inayonyonya maji iko huko nje. Chimba kwa jembe dogo au panga hadi sentimita 20. Chukua udongo wa chini kabisa ya shimo, ufinye kiganjani, uunuse.

Udongo mwekundu wa Kabete, Lavington au Runda ukiwa na unyevu wa kutosha hushikana ukaacha alama ya vidole; ukiwa mkavu unapukutika. Udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau ukiwa na maji hunata na kung'ang'ania jembe. Ukikauka unakuwa mawe na ardhi inapasuka. Harufu ya udongo tu ni dalili njema. Harufu ya uozo, ya maji yaliyotuama, ni onyo.

Usitegemee uso wa ardhi. Kwenye udongo mwekundu, jua la Februari hukausha sentimita mbili za juu kwa siku moja, ilhali chini kuna unyevu wa kutosha. Na kinyume chake ndicho ninachokikuta mara nyingi zaidi: uso umelowa, una rangi nzuri ya giza, na chini ya sentimita tano ni vumbi. Hiyo ni kazi ya mtu anayepitisha mpira wa maji kila jioni kwa dakika mbili. Kumwagilia kwa namna hiyo kunafundisha mizizi ikae juu, na siku mgao wa maji ukikata wiki nzima, mizizi yote iko mahali panapokauka kwanza.

Majani yanalegea mchana, asubuhi yamesimama

Hili mara nyingi si tatizo. Haidrenja, na hata hibiski changa, hupoteza maji mchana haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata udongo ukiwa na unyevu. Jua likipungua, mizizi inafikia. Kipimo ni saa kumi na mbili asubuhi: toka nje kabla jua halijachomoza vizuri. Yakiwa yamesimama, acha.

Ila tazama mahali kilipopandwa. Ukuta wa mawe unaotazama magharibi hunywa jua la alasiri na kurudisha joto lake usiku, na eneo lililotandikwa kabro hufanya vivyo hivyo huku likizuia mvua kuingia ardhini. Haidrenja iliyobanwa kati ya ukuta na kabro italegea kila siku ya Januari na Februari, na maji hayatatibu hilo. Ihamishe mvua ikianza, iende upande wa mashariki wa nyumba au chini ya kivuli chepesi.

Yamelegea hata alfajiri

Hapa shimo lako ndilo linaloamua.

Udongo ukiwa mkavu, mmea una kiu ya kweli. Hesabu ni rahisi: lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Mtungi wa lita 20 uliomwagwa kwenye mita moja ya mraba ni mvua ya milimita 20. Kwa kichaka cha kimo cha mtu ambacho kimeshashika ardhi, mtungi mmoja kwa wiki kwa kila mita ya mraba iliyofunikwa na matawi yake unakivusha hadi masika. Hakitachanua kwa fahari, lakini kitaishi. Mtungi mmoja kwa mkupuo una faida kuliko lita tatu kila siku, kwa kuwa maji yanashuka hadi kwenye mizizi ya chini badala ya kupotea juani.

Udongo uliokauka sana huyakataa maji mwanzoni. Hasa ule mchanganyiko mwepesi wa kitaluni, wenye mboji nyingi, au maganda ya nazi kwenye vyungu: maji yanateleza pembeni na kutokea chini ya chungu, wewe unadhani kimeshiba. Tengeneza tuta dogo la duara kuzunguka kichaka, mwaga nusu ya mtungi, ngoja nusu saa, kisha mwaga iliyobaki. Chungu kidogo kitumbukize kwenye beseni mpaka viputo viishe.

Udongo ukiwa na unyevu na majani bado yamelegea alfajiri, acha maji kabisa. Fukua kidogo hadi upate mzizi mwembamba. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe au wa rangi ya krimu ndani. Uliooza ni wa kahawia, laini, na gamba lake hutoka ukivuta, ukabaki uzi katikati. Kalenda nayo inasaidia hapa. Nairobi kati ya Juni na Agosti ni baridi na mawingu. Mvua ni kidogo lakini maji yanayokauka ni kidogo pia. Kichaka kinachonyauka Julai kina uwezekano mkubwa wa kuwa na mizizi mibovu kuliko kuwa na kiu, na mwenye bustani anayeendelea kumwagilia kwa ratiba ya Februari ndiye anayekizamisha. Legeza udongo, ondoa matandazo yote kwa wiki mbili tatu ili hewa ipite, na kama kiko shimoni kwenye udongo mweusi, kiinue ukipande upya juu ya tuta.

Kuna sababu ya tatu: mchwa. Katika kiangazi hushambulia mimea iliyokwisha dhoofika. Angalia kama shina limevikwa koti la tope kutoka ardhini. Likwangue, na uone kama gome chini yake limeliwa pande zote. Likiwa limeliwa upande mmoja, kichaka kina nafasi. Ondoa matandazo makavu yaliyogusa shina, na umwagilie ipasavyo, maana mmea wenye maji hauwavutii sana.

Majani yanageuka manjano

Uliza ni majani gani.

Ya zamani, ya chini na ya ndani, yakiwa manjano sawasawa kisha yakaanguka, ni kule kujinyima nilikokueleza. Hibiski hufanya hivi kwa haraka ya kutisha. Inaweza kumwaga theluthi ya majani yake kisha ikatulia. Duranta ya dhahabu ni ngumu kuisoma kwa sababu rangi yake ni ya manjano tayari, basi kwake angalia wingi wa majani yaliyolala chini.

Majani mapya ya juu yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, hilo ni chuma kilichofungwa na udongo wenye chokaa, wala ukame hauhusiki. Huonekana sana kwenye nyumba mpya, ambapo fundi alizika mabaki ya saruji pembeni mwa msingi na bustani ikapandwa juu yake. Maji ya visima virefu yenye magadi huliongeza tatizo. Chimbua mabaki, weka mboji, na usiongeze majivu ya jikoni hata jirani akisema yanasaidia. Majivu yanausogeza udongo kule kule ulikokosea.

Majani yakiwa na vitone vidogo vidogo vya rangi hafifu, yamepauka, utafikiri yamepigwa vumbi, geuza jani. Shika tawi juu ya karatasi nyeupe uligonge mara mbili. Vijidoa vikianza kutembea polepole kwenye karatasi, huo ni utitiri mwekundu. Ukiwa na macho mazuri utaona pia utando mwembamba kwenye pembe ya jani na kikonyo. Utitiri huzaana haraka kwenye joto na ukavu, na kichaka chenye kiu na vumbi la barabara juu yake huushinda kwa shida. Waridi na hibiski ndizo zinazoumia zaidi. Rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki. Sipendi watu wanapoanza na dawa ya wadudu wote: inaua wale wanaokula utitiri, na utitiri wenyewe hurudi kwa wingi zaidi.

Kingo na ncha za majani zimeungua

Ukingo wa jani ndio ulio mbali zaidi na mshipa mkuu, kwa hiyo maji yakikosekana unakauka kwanza. Kuungua kwa upande mmoja tu wa kichaka, ule unaopigwa na jua la alasiri au upepo, ni ukame na joto. Kuungua kwa kichaka chote, huku udongo una unyevu, ni chumvi.

Chumvi inatoka wapi? Samadi mbichi ya ng'ombe au kuku iliyorundikwa kwenye shina. Mbolea ya dukani, CAN au DAP, iliyowekwa kwenye udongo mkavu na mtu aliyedhani kichaka kina njaa. Mbolea kwenye udongo usio na maji huvuta maji kutoka kwenye mizizi, na kichaka kilichokuwa kinahimili kiangazi kinaungua kwa siku chache. Usitie mbolea yoyote mpaka mvua iwe imelowesha ardhi vizuri. Chanzo kingine ni maji ya kufulia. Wakati wa mgao ni haki kabisa kuyatumia mara ya pili, lakini tumia ya kusuuza, yasiyo na dawa ya kung'arisha nguo, na uyabadilishe mahali kila wiki. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi, nayo kwenye udongo mweusi huufanya ufunge zaidi.

Drasena na kodilini zina shida yao ya pekee. Ncha zikiwa kahawia kavu, na mstari wa manjano ukitenganisha sehemu iliyokufa na iliyo hai, shuku floridi. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa maji ya kunywa, na mimea hii huikusanya kwenye ncha za majani. Kumwagilia zaidi kwa maji yale yale ni kuongeza sumu. Iwekee maji ya mvua kutoka kwenye bati, hata kama ni pipa moja tu. Ncha zilizokufa hazitarudi; majani mapya ndiyo yatakayokuonyesha kama umepata jibu.

Ua wa saipresi una mabaka ya kahawia

Hapa naomba usikimbilie mkasi. Hibiski, duranta, bogenvilia na kayaba huchipua hata ukizikata hadi kwenye mti mtupu. Saipresi haichipui kutoka kwenye tawi lililozeeka ambalo halina kijani. Ukikata mabaka ya kahawia hadi ndani, unabaki na tundu la kudumu kwenye ua, na jirani anakuona ukinywa chai.

Chunguza sababu kwanza, kwa sababu ziko tatu na zinafanana kwa mbali.

Ukame huanzia ndani, kwenye majani ya zamani karibu na shina, na hushika miti ya mwisho wa mstari, iliyo karibu na barabara, au iliyo chini ya mikaratusi na migrevilea ambayo mizizi yake imefika kabla yako. Rangi hubadilika taratibu: kijani kinapauka, kinakuwa cha kijivu, kisha kahawia. Saipresi huonyesha kwa kuchelewa sana. Mti ulioumia Februari unaweza kuonekana mzima hadi Aprili, ukaanza kukauka wakati mvua inanyesha, na mwenyewe asielewe.

Vidukari wa saipresi ni sababu ya pili. Barani Afrika waligunduliwa kwanza Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameshaingia Kenya. Hunyonya utomvu kwenye vitawi, na mate yao huua kitawi. Penyeza mkono ndani ya ua, fungua matawi, uangalie kwenye vitawi vya kahawia: ni wadudu wa rangi ya kahawia na kijivu, wamejipanga kufuata tawi. Majani yatanata, na mara nyingi kuna ukungu mweusi wa masizi juu yake. Mti wenye kiu hauwezi kujitetea, kwa hiyo ukame na vidukari huenda pamoja, na kutibu kimoja ukaacha kingine ni nusu ya kazi. Wapulizie maji ya sabuni laini ndani ya ua, jioni, na umwagilie kwa kina.

Donda la gome ndilo la tatu. Tawi moja zima linakufa katikati ya mti wa kijani, na chini yake kwenye gome kuna mpasuko unaotoa utomvu. Hili ni ugonjwa wa kuvu. Kata tawi chini ya donda, safisha mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine, na lichome tawi lile.

Na ukitaka kupunguza kimo cha ua, ngoja mvua ishike mwezi wa Aprili. Kupogoa Januari kunayafunua majani ya ndani, yaliyozoea kivuli, kwa jua kali, na kunauchochea mti utoe machipukizi yanayodai maji ambayo hayapo.

Ardhi imepasuka kuzunguka kichaka

Hili ni la walio upande wa mashariki na kusini wa jiji. Udongo mweusi ukikauka husinyaa na kufungua nyufa unazoweza kuingiza mkono. Nyufa hukata mizizi midogo kwa nguvu, na ukimwaga maji yanatumbukia ufani na kupotea bila kulowesha udongo wa katikati. Jaza nyufa kwa mboji iliyochanganywa na udongo mkavu, kisha tandaza nyasi kavu au mabaki ya mahindi unene wa sentimita saba hivi, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yawekwe Desemba, ardhi ikiwa bado na maji. Kuyaweka Februari juu ya mawe makavu kunasaidia kidogo tu. Kwa udongo huu, kayaba na bogenvilia hustahimili. Azalia na haidrenja zitakutesa miaka yote.

Bogenvilia imepoteza majani lakini imejaa maua

Iache. Ukavu wa kiasi huichochea kuchanua, na ukiimwagilia sana itakupa majani na miiba.

Kichaka kimekauka chote

Usiking'oe Machi. Kwangua gome kwa ukucha au kisu kidogo, ukianzia ncha na kushuka. Kijani na unyevu chini ya gome ni uhai. Kahawia kavu ni kifo. Kata hadi sentimita mbili chini ya mahali kijani kinapoanzia. Ukifika usawa wa ardhi bila kuona kijani, fukua shingo ya mmea ukwangue hapo pia, maana hibiski na plumbago huweza kuchipua kutoka chini. Kipe wiki sita za mvua. Katikati ya Mei bila chipukizi hata moja, kitoe.

Ukikitoa, usikitupe kabla hujaitazama mizizi. Ikiwa imejizungusha kwa umbo la kifuko cheusi kilichotoka kitaluni, kichaka hakikuwahi kuingia kwenye ardhi yako. Kilikuwa kikiishi ndani ya lita chache za udongo wake wa kwanza, na kiangazi cha kwanza kilitosha. Kinachofuata kipasulie kifuko, kata kwa wembe mizizi iliyojizungusha mahali pawili au patatu, na uipanue shimoni kwa vidole. Mizizi ikiwa mifupi na yote iko juu, ratiba yako ya kumwagilia ndiyo ya kubadilisha. Ikiwa laini na inanuka, shimo hilo halitoi maji, na chochote utakachopanda hapo kiwekwe juu ya tuta. Ikiwa imeliwa na kujaa tope, mchwa bado wako chini. Acha shimo wazi, fuata njia zao hadi kwenye kichuguu, na usipande kitu hapo msimu huu.